Kimya cha Kipaza Sauti

Kila mara kipaza sauti kilipokohoa, mkono wa Onno ulisimama. Kama ulikuwa ukikoroga, mwiko uliganda ndani ya sufuria. Kama ulikuwa ukikata, kisu kilibaki hewani juu ya kitunguu. Kipaza sauti chenyewe kilikuwa kisanduku cha bati kilichopigiliwa ukutani juu ya jiko la umeme, na Onno Tammen, mpishi wa nyambizi ya Kijerumani, alikuwa amekitazama safari nzima hata angeweza kukichora akiwa amefumba macho.

"Zamu ya pili, juu!" kikasema.

Basi. Si habari yake. Kisu kikashuka.

Alichokuwa akingoja ni maneno machache tu. Kule nyumbani, katika kijiji cha jirani na mji wa Leer, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu na upepo haupumziki, mkewe Fenna alikuwa na mimba iliyotimia. Mkunga alisema atajifungua kabla shayiri haijavunwa. Na kama kiangazi hiki cha mwaka wa arobaini na tatu kilikuwa kama viangazi vingine, shayiri ilikwisha kukatwa, ikafungwa mafungu, na bata sasa wanaokota punje kwenye mabua.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kimya. Hakulia, hakufumbua macho. Fenna alimpakata mpaka akapoa, na walipotaka kumchukua aliwaomba wamwachie kidogo tu, amalizie kumtazama. Onno alikuwa baharini hata wakati ule. Alikuja kuyasikia haya likizoni, mezani, chai ikipoa katikati yao. Safari hii mkunga alimpapasa Fenna tumboni akatikisa kichwa. Mtoto amekaa vibaya. Afadhali daktari awe karibu. Na madaktari wote wako vitani.

Ndiyo maana kisu kilikuwa kikisimama.

Nyambizi ikishatoka bandarini huwa kama mwali aliyewekwa ndani: husikia yote, haisemi neno. Ikifungua mdomo, Mwingereza huipata ilipo, na ndege zake haziko mbali. Basi husikiliza tu. Makao makuu huita hewani, na katikati ya amri za kwenda huku na kuzuia kule, mara mojamoja huchomekwa habari ya mtu. Mabaharia walikuwa na namna yao ya kuzitoa. Akizaliwa mtoto wa kiume husemwa nyambizi mpya imeingia bandarini, ina darubini. Akizaliwa wa kike, imeingia, haina darubini. Nahodha mwenyewe ndiye hutangaza, mpishi huoka keki, kila mtu hupata funda la konyaki, na baba hupigwa mgongoni mpaka anakohoa.

Hayo ni ya habari njema. Habari mbaya nahodha huzifungia kabatini kwake mpaka nyambizi irudi. Mama amefariki, nyumba imeungua, ndugu amepotea huko mashariki: mhusika huambiwa akishakanyaga gati. Desturi hiyo haikuandikwa popote, lakini kila mtu humo ndani aliijua. Na kwa sababu kila mtu aliijua, kimya cha kipaza sauti hakikuwa kimya cha kawaida. Kila siku iliyopita bila habari ilimwambia Onno jambo, na kila siku ilikuwa ikilisema kwa sauti kubwa zaidi.

"We mnywa majani!" Kichwa kikubwa chenye ndevu nyekundu kilichungulia jikoni. "Hujapakua bado? Au unangoja kipaza sauti kikuambie chumvi imetosha?"

Alikuwa Hinnerk Stuhr, serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha, mtu wa Hamburg wa kuzaliwa. Watu wote walikunywa kahawa. Onno peke yake, kwa kuwa kwao ni pwani ya Frisia, alikunywa chai, na Hinnerk hakumsamehe.

"Kaa mbali na sufuria yangu, serahangi. Ndevu zako zinadondosha vitu."

"Acha zidondoshe. Mkate wako una manyoya, soseji yako ina manyoya, na mimi nina manyoya. Sote ndugu humu."

Kweli mikate ya bandarini ilikuwa imeota ukungu mweupe mpaka ikaonekana kama wanyama waliolala wavuni juu ya vichwa vya watu. Onno aliimenya kama viazi, akapika kile cha katikati. Ukungu ulipanda hata viatuni. Choo kilikuwa kimoja kwa watu zaidi ya arobaini, maana cha pili kilijazwa vyakula, na hapakuwa na nguo iliyokauka.

Hinnerk akapunguza sauti. "Bado?"

"Bado."

"Ni wa kike huyo. Lotte wangu alichelewa vivyo hivyo. Nikamwambia mke wangu, Alma, tulia, huyu anachana nywele kwanza. Mwanangu wa kiume, Uwe, alikuja mbio, hata mkunga hakuwahi kuvua koti. Wanaume hatuna subira." Akachovya kidole katika supu, akakilamba, akakunja uso. "Maji ya mfereji. Kama ya pale chini ya dirisha langu, mtaani Hammerbrook. Nimekumbuka nyumbani, ahsante."

Onno akamrushia kitambaa. Hinnerk akakidaka, akajipangusa nacho ndevu makusudi, akakirudisha.

Usingizi ukiwa haba, kutamani nyumbani huja kwa vitu vidogo. Onno hakumkumbuka Fenna mzima. Alimkumbuka kwa vipande. Mkono wake akiweka bonge la sukari-mawe kikombeni, halafu chai ya moto juu yake, na sukari kulia kwa kupasuka. Malai akiyateremsha kwa kijiko pembeni, taratibu, na kumkataza mumewe kukoroga. "Usikoroge, Onno. Mwanzo uchungu, katikati laini, mwisho utamu. Ukikoroga unavichanganya." Na usiku wa mwisho wa likizo, mtoto alipopiga teke, Fenna aliuchukua mkono wake akauweka mahali hasa, kisha akasema, "Msalimie. Sauti yako ataijua." Onno alishikwa na haya. Aseme nini kwa tumbo? Akasema, "Habari za jioni." Fenna alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa, akimenya mikate, alijilaumu. Habari za jioni tu! Angemwambia, geuka, mwanangu, kaa vizuri, mrahisishie mama yako.

Mtu ambaye angempa habari hiyo alikuwa Albin Zeisig wa chumba cha redio, kijana mwembamba wa milimani ambaye hakuwahi kuiona bahari kabla ya vita. Onno na Albin walilalia kitanda kimoja: mmoja akiamka kwenda zamu, mwenzake anaingia kwenye joto lake. Watu wanaolaliana joto hivyo hawafichani mengi. Kila zamu Onno alimpelekea kahawa, na kabla hajauliza, Albin alikuwa akiinua mkono mmoja kutoka masikioni na kutikisa kichwa kwa tabasamu la pole. Bado, kaka. Mazungumzo yao yote yalikuwa hayo.

Katikati ya safari ile wakaizamisha meli ya mizigo iliyobaki nyuma ya wenzake. Makombora mawili ya majini, na baada ya muda kidogo vyuma vikaanza kuvunjika huko chini, sauti kama ya mtu anayekanyaga vikapu, kikapu baada ya kikapu. Hakuhitajika kifaa, waliisikia kwa masikio yao kupitia ukuta. Watu walishangilia. Halafu sauti ikaendelea, wakaacha kushangilia. Onno alisimama na kopo la maziwa mkononi akiwaza kwamba ile meli nayo ina jiko, na jikoni mna mtu, na huko kwao kuna anayemhesabia siku. Hakumwambia yeyote. Alipakua chakula, na wengi hawakukimaliza.

Baada ya hapo ndege ziliwaandama. Mchana kutwa walikaa chini kwenye maji mazito, taa zimepunguzwa, watu wasio na zamu wamelala vitandani ili wasimalize hewa. Huko chini redio haisikii kitu. Usiku walipanda kidogo kuvuta pumzi na kujaza betri, Albin akanasa yaliyokuwa yakirudiwa hewani, kisha chini tena. Onno alilala akiwaza habari yake ikipita juu ya mawimbi, ikiwatafuta, ikipiga hodi juu ya maji na hakuna wa kufungua.

Kisha Albin akabadilika.

Asubuhi moja Onno alipompelekea kahawa, Albin hakuinua mkono wala hakutikisa kichwa. Alisema, "Weka hapo," akiwa ameangalia meza. Kahawa ilirudi ikiwa baridi, haijaguswa. Siku iliyofuata vilevile. Muziki nao ukakatazwa. Mzee aliamuru kwamba redio ya nyumbani isifunguliwe kwenye kipaza sauti tena, wala taarifa za habari zisitolewe. Mzee ndilo jina walilomwita nahodha, ingawa hakuwa amefika hata miaka thelathini. Bahari na ndevu zilikuwa zimemzeesha. Na Mzee huyohuyo, ambaye hakuwa mtu wa kushika watu, alipokuwa akipita jikoni aliweka mkono begani mwa Onno akauacha hapo kitambo.

"Unaendeleaje, mpishi?"

"Salama, Mzee."

"Bado unangoja?"

"Nangoja."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayetaka kuongeza neno, akapita.

Onno akashika ukingo wa jiko. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu ndio mshindo wenyewe. Fenna amekufa. Au mtoto. Au wote wawili wamelazwa sanduku moja, kama alivyoona akifanyiwa mke wa mwalimu pale kijijini, mtoto kwenye mkono wa mama. Wamekwisha zikwa, na yeye huku anamenya ukungu. Siku ile aliunguza uji. Hinnerk alikula, akasema ni mara ya kwanza uji wa Onno kuwa na ladha, na Onno akampa mgongo. Hinnerk akamtazama, na baadaye akamletea sigara moja aliyokuwa ameificha kwenye soksi. Chini ya maji sigara haziwashwi. "Ya kunusa tu," alisema.

Siku ya tatu Onno hakuweza tena. Ilikuwa adhuhuri, nyambizi iko chini, watu wamelala kama mizigo. Albin alikuwa kwenye kile chumba chake kisichozidi kabati, masikio yamefunikwa, akizungusha gurudumu la kusikilizia meli. Onno alichuchumaa mlangoni na kikombe.

"Albin."

"Weka hapo."

"Nitazame."

"Nasikiliza, Onno."

"Unasikiliza nini? Samaki? Nitazame mimi."

Albin hakugeuka. Shingo yake nyembamba ilikuwa imekakamaa. Onno akakiweka kikombe sakafuni.

"Umepokea habari."

"Napokea kila siku. Ndiyo kazi yangu."

"Mbaya."

"Onno, nimeapa. Mzee ameniapisha. Usinifanyie hivi."

"Basi amekufa." Alishangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi. "Sawa. Mtoto je? Niambie mtoto peke yake. Mtoto nusu yake ni wangu, Albin. Nina haki ya nusu ya habari."

Hapo ndipo Albin alipogeuka. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Akatazama ushorobani, akamvuta Onno ukosi wa shati mpaka vichwa vikagusana.

"Siyo yako," akanong'ona.

"Nini siyo yangu?"

"Habari. Siyo yako. Yako haijaja, nakuapia kwa mama yangu. Sasa ondoka kabla sijasema jingine."

Siyo yangu! Onno aliegemea ukuta wa chuma uliokuwa ukitiririka maji, akacheka bila sauti, mdomo wazi kama mtoto. Fenna yu hai. Au angalau hakuna aliyesema amekufa, na kwa sasa hilo lilitosha, lilitosha kabisa. Alimpenda Albin. Alikipenda kile chumba kinachonuka mafuta. Siyo yangu, ni ya mwingine!

Ni ya mwingine.

Alikuwa bado na tabasamu usoni wakati Hinnerk alipokuja akijipenyeza ushorobani, amejifunga blanketi kiunoni, akitoka chooni.

"Ala! Mpishi anacheka? Leo basi chakula ni sumu." Akainama mlangoni. "Albin, mwanangu, wa Hamburg tumekukosea nini? Siku zote hizi hata neno moja la nyumbani. Timu yetu imefungwa unatuonea aibu?"

"Mawimbi mabaya, serahangi," alisema Albin akiangalia meza.

"Mabaya, mabaya. Bahari yote hii mabaya! Haya, sikiliza samaki wako. Ukisikia mmoja anaongea Kihamburg, nisalimie."

Akaenda zake akipiga mluzi wa chinichini, kwa kuwa huko chini hakuna ruhusa ya kupiga mluzi wa juu.

Onno alimtazama Albin, na Albin akamtazama Onno. Ulikuwa uso uleule. Uso uleule wa siku tatu, ambao Onno aliudhani wake.

"Alma?" Onno aliuliza kwa midomo tu.

Albin akavaa vifaa vyake masikioni, akaufunika uso kwa viganja.

"Na watoto?"

Albin hakuviondoa viganja.

Jioni ile Onno alipopakua, alimwekea Hinnerk kipande kikubwa cha nyama, kile cha mafuta ambacho wapishi hujiwekea. Hakukusudia, mkono ulifanya wenyewe. Hinnerk alikitazama, akakigeuza kwa uma.

"Nini hii?"

"Nyama."

"Naona nyama. Kwa nini mimi? Mtu hupewa kipande kama hiki akiwa anakatwa kichwa kesho." Akacheka, na wenzake wakacheka. "Sema kweli, umetemea mate?"

"Nimetemea."

"Hapo sawa." Akala kwa raha.

Onno alirudi jikoni akasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. Alikuwa amefurahi. Hilo ndilo lililomsuta. Kwa muda wa pumzi kumi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Atlantiki, na furaha ile ilikuwa imekatwa kutoka kwa huyu anayetafuna pale. Angemwambia. Haki ni kumwambia. Yeye mwenyewe siku tatu alitaka kuambiwa, hata kama ni kifo, ili mradi aambiwe. Akajifuta mikono, akageuka, na Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Albin amekuja kuniungamia," alisema nahodha kwa sauti ndogo.

"Ni kosa langu, Mzee. Nilimbana."

"Najua." Akaketi juu ya gunia la viazi kama mtu aliyechoka safari ya miguu. "Unataka kumwambia kwamba mtaa wake wote umeteketea kwa mabomu, na wake hawakutoka."

"Mimi ningetaka kuambiwa."

"Na mimi pia. Halafu? Hebu nionyeshe, mpishi, atakwenda wapi? Mtu akifiwa hutoka nje. Huenda shambani, hupiga ukuta, hulala chini akalia. Hapa hakuna hata ukuta wa kulilia. Kila ukuta una kitanda cha mtu. Atalia mbele ya vijana wanaomtegemea awatoe salama, na kengele ikilia ataamka afunge mlango wa juu, asipoamua kubaki nje yake." Akasugua macho. "Nimemwachia wiki chache za kuwa baba. Sijui kama ni wema. Kama ni uovu, utakuwa wangu."

Onno alimimina chai, akamkabidhi Mzee, naye Mzee, mnywaji wa kahawa, akainywa yote bila kukoroga.

Siku zikafuata. Nyambizi iligeuza pua kuelekea Ufaransa, maana mafuta yalikuwa yakiisha. Onno alijifunza kumtazama Hinnerk machoni. Alijibizana naye, akamtukana ndevu, akamsikiliza akisimulia mara ya mia jinsi Uwe alivyomtumbukiza paka wa jirani mferejini ili ajue kama anaogelea. Alicheka mahali pa kucheka. Na bado, aibu juu ya aibu, kila mara kipaza sauti kilipokohoa mkono wake ulisimama. Alidhani huzuni ya mwenzake ingemnyamazisha. Haikumnyamazisha. Ilimwongezea hamu: alimtaka Fenna, alitaka harufu ya nywele zake akitoka zizini, alitaka mtoto yeyote, mwenye darubini au asiye nayo, alie tu, alie kijiji kizima kisilale.

Asubuhi moja, wakiwa wamekwisha zama, viazi vya kwanza vikianza kuchemka, kikakohoa.

"Wote sikilizeni." Ilikuwa sauti ya Mzee mwenyewe. Mwiko ukasimama. "Imetufikia taarifa kabla hatujashuka. Katika bandari ya Leer imeingia nyambizi mpya, ndogo, imara, yenye king'ora kikali. Haina darubini. Na mama aliyeileta..." Hapo Mzee akakohoa mwenyewe. "Mama aliyeileta ni mzima wa afya. Mpishi, keki."

Onno aliketi chini. Hakuchagua, miguu ilimketisha kati ya jiko na gunia. Machozi yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka, na hakuna aliyekuja kuziba. Mzima wa afya. Alirudia neno kwa neno, kwa lugha ya kwao ambayo Fenna humwitia ng'ombe. Binti. Ana binti, na ana sauti.

Wa kwanza kufika alikuwa Hinnerk. Alikuja kutoka mbele kabisa, akipita matundu ya milango ya chuma kama panya licha ya ukubwa wake, akimkanyaga kila aliyelala. Akamwinua Onno kwa makwapa.

"Nilikuambia! Nilikuambia anachana nywele! Wa kike, jamani, mnywa majani ana binti!" Akambusu paji la uso, ndevu na yote, na Onno akamkumbatia kwa nguvu zisizo za furaha tu, akamkumbatia mpaka Hinnerk akasema, "Taratibu, mbavu, mimi si Fenna."

Onno akaoka keki ya unga wa mayai, maziwa ya kopo na cheri za mwisho. Mkate mpya nao ulikuwa umetoka jikoni asubuhi ileile, wa kwanza usio na manyoya kwa muda mrefu, mrefu na wa joto. Watu wakabanana mlangoni, konyaki ikapita kwa kifuniko cha chupa. Albin alikuja akasimama nyuma, hakunywa.

"Hebu ngoja," alisema Hinnerk. "Huyu bwana amewahi kushika mtoto mchanga?"

"Sijawahi," alisema Onno. Wa kwanza hakumwona hata kaburini. Alikuta nyasi zimeshaota.

"Hajawahi! Atamvunja binti wa watu shingo. Leteni huo mkate."

Akautwaa mkate, akaufunga kwa kitambaa cha sahani, kona moja juu kama kofia. Watu wakacheka, mmoja akasema mtoto amefanana na baba. Hinnerk hakucheka. Mikono ile minene, yenye makovu ya kamba, iliingia chini ya mkate kana kwamba haina mfupa.

"Shingo kwanza. Unaona? Mkono huu chini ya kichwa, maana kichwa chao ni kizito na hawajui la kukifanyia. Huu mwingine chini ya matako. Halafu mlete hapa kifuani, upande wa kushoto, asikie moyo. Watu humweka kulia, halafu wanashangaa kwa nini analia." Akaanza kuyumba, kidogo tu, mguu hadi mguu. "Lotte hakulala mpaka nitembee naye. Nyumba nzima tunaimaliza, chumbani, jikoni, dirishani tunautazama mfereji, tunarudi. Alma ananiambia mlaze, utamzoeza vibaya. Namwambia, acha nimzoeze, mimi ni mtu wa kuondoka." Akainamisha uso juu ya kitambaa, akanusa. "Na wana joto hivihivi. Hamjui. Wana joto hivihivi hasa."

Mashine za umeme zilinguruma chinichini. Albin alikuwa amegeukia ukuta.

"Haya," alisema Hinnerk akizinduka, akanyoosha mikono. "Mchukue binti yako. Lotte na Uwe nikifika nitawapakata wote wawili kwa mpigo, wapende wasipende. Mchukue."

Onno aliitazama mikono ile iliyonyooshwa, na mkate ndani yake. Wa kwake alikuwa Leer, analia, ana njaa, ana miaka yote mbele. Atamshika. Mungu akijalia, atamshika mpaka achoke.

"Bado sijaelewa vizuri, serahangi," alisema. "Endelea kumshika. Nionyeshe tena."

"Mfrisia mgumu wa kichwa!" Hinnerk akamrudisha kifuani, upande wa kushoto, na akaanza upya kuyumba. "Tazama sasa, usipepese. Shingo kwanza."